Bakuli la Kurudisha Bo-Kaap

Tangu turudi Durban, sijapita saluni ya Mama Gadija pale Umbilo Road bila mtu kuniuliza, "Kwa hiyo mlimpata au hamkumpata?" Nikijibu kwa neno moja, wananilaumu kwamba nimewanyima safari. Nikianza kusimulia, mashine ya kukausha nywele inawashwa na hakuna anayesikia. Basi nimeamua kuandika. Habari za kukata tiketi na kuomba likizo ofisini nitaziruka, maana hazina utamu hata kwangu mimi.

Kwa wasiomjua: Mama Gadija ni Mkongomani wa Uvira, tunasali naye kanisa moja, na wengi wenu amewasuka. Binti yake wa kwanza anaitwa Gadija, jina ambalo watu wa Cape Town hulitamka hivyo badala ya Khadija. Watu kanisani wamemshangaa miaka yote, binti wa Kikristo mwenye jina la Kiislamu. Sababu yake ni kwamba Mama Gadija alipoingia nchi hii akiwa mjamzito, mumewe akiwa bado njiani, alipokelewa Bo-Kaap, mtaa wa Waislamu pale Cape Town, na mjane mmoja anayemwita Antie, aliyempa chumba cha uani na kukaa naye karibu mwaka mzima. Mtoto alipozaliwa alipewa jina la huyo mjane. Kwa Wakongomani mtu uliyepewa jina lake ni ndoyi wako, yaani somo, na usomo huo si wa mdomoni tu.

Sasa Gadija anataka kuolewa na kijana anayefanya kazi kiwandani Jacobs. Wazee wa upande wa kijana waliomba tarehe ya kuleta mahari, na Mama Gadija akakataa kuitoa. Waliomba tena. Mara ya tatu walisema kwamba mwezi ukiisha bila jibu, watajua wamekataliwa.

"Ile jina si yangu," aliniambia siku hiyo, kitana kikiwa kichwani mwangu. "Siwezi kuolesha jina ya mtu bila mwenyewe kujua."

"Mpigie simu basi."

"Simu yangu waliiba, miaka iko mingi. Na Antie mwenyewe hapendi simu. Nitaenda."

Mimi nafanya kazi kwenye ofisi ya mizigo bandarini, na nimetamani kuiona Bo-Kaap tangu nilipoiona kwenye kalenda moja ukutani pale ofisini: nyumba zimeshikana mabega, kila moja na rangi yake, na mlima nyuma. Nikamwambia tutaenda wote.

Durban hadi Van Reenen

Basi liliondoka asubuhi. Sanduku la Mama Gadija liliingia kwenye buti, lakini bakuli alilipakata. Lilikuwa bakuli jeupe la bati, lenye maua ya buluu pembeni, limebanduka rangi kidogo chini, na limefungwa kwa kitambaa.

"Si uliweke juu, Mama Gadija?"

"Hapana. Siku nilitoka kwake alinipa hii bakuli imejaa koesister. Haiwezi kurudia kwake bure."

Koesister ni maandazi ya watu wa Cape, yana iliki na mdalasini, yanachovywa kwenye shira kisha yanagaragazwa kwenye nazi. Bakuli lilikuwa limekaa Durban zaidi ya miaka ishirini likingoja kurudishwa, na sasa ndani yake alikuwa ameweka samaki wadogo wakavu aliotumiwa kutoka kwao, amewakaanga na pilipili.

"Omena," nilisema.

"Ndagala. Omena yenu ni ya ziwa ingine."

Akanieleza kwamba mara ya kwanza alipopika ndagala kwa Antie, Antie alifungua madirisha yote, akasimama barabarani mpaka harufu ikaisha. Wiki iliyofuata akauliza kama zimebaki.

Tulipanda kuelekea Pietermaritzburg tukiwa katikati ya malori yanayotoka bandarini. Kwangu ilikuwa kama kukutana na watu wa ofisini siku ya mapumziko: kontena zilezile, rangi zilezile. Baada ya Ladysmith ukungu ulishuka. Kwenye mlima wa Van Reenen basi lilisimama, dereva akazima injini, akatangaza kwamba mbele kuna theluji na malori yamekwama, na kwamba hajui lolote zaidi ya hilo.

Tulikaa. Abiria wengine walishuka kuipiga picha theluji. Mama Gadija aliitazama kupitia kioo, akasema inafanana na unga uliomwagika na hana sababu ya kuukanyaga. Mchana ulipita. Hapakuwa na duka wala kibanda, ila malori tu mbele na nyuma. Kwa sababu ya baridi kila dirisha lilikuwa limefungwa, na hita ya basi ikaanza kuchemsha harufu ya ndagala taratibu.

Dada mmoja mwenye kofia nyekundu ya sufu, aliyekaa mbele yetu, aligeuka. "Samahani, kuna kitu kimekufa humu ndani."

"Kilikufa zamani," Mama Gadija alimjibu kwa Kiingereza chake cha saluni. "Sasa kimekaangwa."

Watu walicheka, lakini dada yule hakucheka. Upande wa pili wa njia alikuwepo mzee wa Kizulu anayeshuka Bethlehem, na mfuko wa machenza miguuni. Alikuwa ametulia muda wote. Njaa ilipomzidi akainama kwetu.

"Mama, hiyo samaki ni ya kuliwa au ni ya kunukia watu tu?"

"Ni ya mtu, Baba. Ninampelekea."

"Huyo mtu yuko kwenye basi hili?"

"Hapana."

"Eish. Sisi tuko."

Nilimwona Mama Gadija akitazama bakuli, kisha akiwatazama watu. Mtu anayelisha wateja wake chai na mandazi kabla hajawagusa nywele hawezi kushinda na chakula mapajani katikati ya wenye njaa. Alifungua kitambaa. Nyuma alipatikana mtu mwenye mikate, na kwa kuwa tulikuwa watu wa Durban, mkate ulikatwa katikati, ukachimbwa tumbo, ukajazwa ndagala. Bunny chow ya ndagala ilipita kiti kwa kiti. Dada mwenye kofia nyekundu aliipisha mara ya kwanza. Mara ya pili alimega kidogo. Mara ya tatu aliuliza kama pilipili hiyo inapatikana Durban.

Bakuli lilipotufikia tena lilikuwa na mafuta tu. Mama Gadija alilifuta kwa karatasi, polepole, mpaka likang'aa.

"Basi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Sasa naenda kumuomba mtu jina yake na bakuli ya bure."

Mzee hakuelewa maneno, lakini nadhani alielewa uso. Aliinua mfuko wake, akamimina machenza ndani ya bakuli mpaka yakafika juu, akarudi kusinzia.

Bethlehem, Bloemfontein, Karoo

Njia ilifunguliwa jioni. Mzee alishuka Bethlehem akiwa amejifunga blanketi, akatuaga kwa mikono miwili. Bloemfontein niliikumbuka kwa choo kimoja na foleni ndefu. Baada ya hapo nililala.

Niliamka Karoo. Ardhi imetandazwa tambarare, haina mti, pangaboi ya kuvutia maji imesimama peke yake mbali huko, na jua linachomoza bila kitu cha kulizuia. Nilitazama saa nzima bila kuchoka. Mama Gadija alikuwa anamenya machenza. Alinipa mimi, akampa dada mwenye kofia, akala mwenyewe, na kila ganda alilirudisha bakulini.

"Nipe nikatupe," nilimwambia tuliposimama Beaufort West.

"Acha tu."

Nikaacha. Karibu na Worcester milima ilisimama ghafla mbele yetu, mizabibu ikiwa mitupu kwa sababu ya baridi, na yeye akaanza kuongea habari ambazo hakuwahi kuniambia Umbilo. Alisema anaogopa mambo mawili. La kwanza, Antie amekufa. La pili, Antie yuko hai na atauliza kama mtoto ni Mwislamu.

"Na ukiulizwa?"

"Nitasema kweli. Akisema hapana, hakuna ndoa mpaka tutafute njia ingine. Na wale wazee hawatangoja njia ingine."

Bo-Kaap, Ijumaa

Tulifikia Maitland kwa mshirika wa kanisa, tukalala, na asubuhi tukaenda mjini. Bo-Kaap iko juu kidogo ya katikati ya jiji, unapanda tu Wale Street na ghafla magorofa yanaisha. Mvua ilikuwa imenyesha na mawe ya barabara yalikuwa yanateleza. Nyumba ni fupi, zenye paa bapa, na mbele ya kila moja kuna kibaraza cha ngazi mbili tatu. Rangi zikiwa zimelowa zinakolea: waridi, samawati, chungwa, kijani cha ndimu. Kalenda ya ofisini ilikuwa imezipunja.

Nilisogea karibu na kundi la watalii nikaiba maneno ya kiongozi wao. Alisema wakazi wa kwanza wa mtaa huu walikuwa watumwa na mafundi waliotolewa Java, Malabar, Madagaska na Msumbiji, pamoja na wacha Mungu waliofukuzwa makwao, na kwamba msikiti wa kwanza wa nchi hii uko hatua chache kutoka hapo. Alisema zamani nyumba zote zilipakwa chokaa, na rangi zilikuja wapangaji walipopata haki ya kuzinunua. Nilipotaka kusikia zaidi, Mama Gadija alinivuta mkono. Hakuja kusikiliza mambo ya watu wa zamani, alisema, alikuja kutafuta mmoja aliye hai.

Ramani yake ilikuwa picha moja. Ndani yake amekaa kibarazani akiwa msichana mwembamba, mtoto mchanga kifuani, nyuma yake ukuta wa manjano na mlango wa kijani.

"Barabara inaitwaje?"

"Kwetu nani anauliza jina ya barabara? Unasema nyumba ya manjano, karibu na msikiti, batu wanakupeleka."

Niligeuka huku na huku. Niliweza kuona minara miwili nikiwa nimesimama mahali pamoja.

Wakati huohuo mzinga ulilia mlimani. Niliruka, nikashika ukuta wa mtu. Mama Gadija hakupepesa jicho. Mzinga huo hupigwa adhuhuri kila siku isipokuwa Jumapili, aliniambia, na wiki yake ya kwanza hapa, akiwa ametoka kwenye vita, aliusikia akaingia chini ya kitanda. Antie alikuja, akajaribu kumtoa, akashindwa. Mwishowe akalala sakafuni naye, akamshika mkono mpaka chakula kikaungua jikoni.

Ilikuwa Ijumaa, wanaume walikuwa wanateremka msikitini na kofia zao, maduka yanafungwa, na barabara ikatulia. Hapakuwa na wa kumuuliza. Tukazunguka tukilinganisha picha na kuta. Nyumba ya manjano ya kwanza ilikuwa ya kupangishia wageni, na kisanduku cha funguo mlangoni. Ya pili ilikuwa na mlango mwekundu. Ya tatu tuliisimamia kwa muda mrefu, picha mkononi, mpaka baada ya swala mwenye nyumba akarudi akatukuta.

"Kibaraza changu si cha kupigia picha," alisema. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu. Nadhani anasema hivyo kila siku.

Mama Gadija alimpa picha. Akaivalia miwani.

"Hii ni ya lini?"

"Huyo mtoto sasa anaolewa."

Yule bwana alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi zake. "Mama, tangu mtoto huyu azaliwe nyumba yangu imekuwa ya kijani, ikawa zambarau, ndiyo ikawa hii. Ramadhani ikikaribia kwisha watu tunapaka rangi. Utakaribishaje wageni wa Labarang kwa kuta za mwaka jana?"

Labarang ni Idi, kwa lugha ya wazee wao. Mama Gadija alikuwa ameingia katika nyumba ile baada ya Idi moja na kutoka kabla ya nyingine, na kwa miaka yote hiyo Durban, kila alipoulizwa, alisema nyumba ya manjano kama mtu anayetaja namba ya nyumba. Alirudisha picha kwenye mkoba. Tukarudi Maitland.

Jumamosi, akina Gadija

Asubuhi iliyofuata tuliacha rangi tukashika jina. Hilo nalo lina shida zake. Ukisimama Chiappini Street ukauliza, "Antie Gadija anakaa wapi?" jibu ni swali: "Gadija yupi?"

Wa kwanza tuliyepelekwa kwake alikuwa muuguzi mdogo kuliko mimi. Alitupa chai na akasikitika kwamba si yeye.

Wa pili alikuwa bibi mzee sana, kwenye nyumba ya samawati. Mama Gadija alijua mlangoni kwamba si yeye, niliona mabega yake yakishuka. Lakini bibi alimshika mkono, akasema, "Umechelewa sana, mwanangu, nilikungoja." Mwanawe, aliyesimama nyuma ya kiti, alitutazama na kutikisa kichwa kidogo: husema hivyo kwa kila mtu. Tuliwekewa supu. Bibi aliuliza habari za safari, za watoto, na Mama Gadija akajibu yote, akamwita Antie mpaka tulipoondoka. Nje, chini ya mvua, alijipangusa uso.

"Huyu nilimudanganya," alisema.

"Hukumdanganya. Ulimwamkia."

"Hm," alisema. Hakuonekana kukubali.

Tuliingia duka la viungo kwenye pembe kujikinga na mvua. Mwenye duka alikuwa mwanamke mnene mwenye mtandio wa kijani, anapima bizari. Mama Gadija hakutaja jina safari hii. Alisema anamtafuta mama aliyekuwa anapika koesister, mjane, anayeweka maganda ya machenza kwenye unga.

"Wote tunaweka maganda."

"Aliyesema nazi si theluji."

Mwanamke aliacha kupima. "Huyo ni Gadija wa koesister. Nyumba yake iliuzwa. Kodi za mtaa zimepanda, watoto wamehama, wengi wameuza. Sasa anakaa Mitchells Plain, huko nje ya jiji, kwa binti yake."

"Iko muzima?"

Aliuliza kwa Kiswahili, kwa kujisahau. Nikamtafsiria.

"Mwezi uliopita alikuwa mzima," alisema mwenye duka. "Aliingia humu akaniambia iliki yangu imechakaa."

Kuhusu anwani hakujua lolote. Lakini alisema Jumapili Antie huletwa alfajiri kupika na jirani yake wa zamani, kwenye nyumba ya zambarau karibu na ngazi, kama magoti yamekubali. Siku za mvua mara nyingi hayakubali. Basi letu la kurudi lilikuwa Jumapili hiyohiyo saa sita mchana.

Jioni Maitland, nikiwa nasaidia kusafisha, nilikuta maganda ya machenza yametandazwa kwenye gazeti karibu na hita. Nilidhani ni uchafu tuliouacha sisi wenyewe, nikaona aibu kwa mwenyeji wetu, nikayakusanya na kuyatupa. Mama Gadija alitoka bafuni, akatazama gazeti tupu, akaenda kwenye pipa. Aliyatoa moja moja, akayasuuza, akayatandaza upya.

"Mkenya," alisema, "wewe ukiona kitu lazima ukipange."

Jumapili asubuhi

Mvua ilinyesha usiku kucha, na tulipofika Bo-Kaap ilikuwa bado inanyunya. Jumapili mtaa ule huamka kwa harufu ya mafuta na mdalasini. Watu walikuwa wanatoka majumbani na makoti juu ya nguo za kulalia, kila mmoja na bakuli lake au sahani yenye kifuniko, wanakwenda kwenye mlango wa mpishi wanayempenda. Mbele ya nyumba ya zambarau kulikuwa na foleni. Tulijiunga nayo. Kwa mara ya kwanza tangu Durban, bakuli la Mama Gadija lilikuwa kitu cha kawaida mkononi mwa mtu.

Tulipofika mlangoni, jirani, mwanamke wa makamo mwenye aproni, alinyoosha mkono alipokee. Mama Gadija hakulitoa.

"Antie Gadija amekuja?"

"Yuko jikoni. Ana hali ya kugomba leo, magoti."

Aliongeza kitu, lakini Mama Gadija alikuwa ameshampita. Nilimfuata nikiomba radhi kwa wote.

Jikoni kulikuwa na mvuke. Mwisho wa meza alikaa bibi mdogo wa umbo, shali mabegani, macho yake yamefunikwa na ukungu mweupe. Mbele yake kulikuwa na sinia ya nazi na rundo la koesister zinazochuruzika shira. Alikuwa anagaragaza kwa vidole bila kutazama. Mama Gadija alisimama. Halafu akaniachia bakuli, akaenda kwenye sinki, akanawa mikono, akavuta kiti, akachukua koesister na kuanza kuigaragaza.

Wakafanya kazi hivyo kwa muda. Bibi alinyoosha mkono kwenye upande wa mwenzake wa sinia, akapapasa.

"Nazi nyingi," alisema. "Nazi si theluji. Nilimwambia Furaha hivihivi, hakusikia."

"Nilisikia, Antie."

Furaha ndilo jina lake. Durban hakuna anayemwita hivyo, hata mimi nilichelewa kuelewa. Mikono ya bibi ilisimama. Kisha mmoja ulipanda, ukiwa umejaa shira, ukampapasa shavu, sikio, kitambaa cha kichwa.

"Umenenepa," alisema. "Mtoto yuko wapi?"

"Durban. Amekuwa mtu mzima." Alinipungia mkono nisogee. "Nimeleta bakuli."

Nikalitoa. Antie alilizungusha, akatafuta kwa kidole pale palipobanduka, akapapata. Akaingiza mkono ndani.

"Maganda."

"Ilikuwa na ndagala. Batu wa basi wakakula."

"Bila kufungua madirisha?"

"Kulikuwa na theluji, Antie."

Antie alicheka kicheko kikavu, kifupi. Alivunja ganda, akalinusa. "Hayajakauka sawasawa."

"Huyu Mkenya aliyatupa."

Uso wa bibi uligeukia upande wangu. Nilimwamkia.

Ndipo Mama Gadija alipotoa kitenge kwenye mkoba, kile ambacho ukoo mzima utavaa siku ya arusi, akamwekea mapajani, akamweleza. Kijana ni nani, wazee wamesema nini, kwa nini hajatoa tarehe. Antie aliuliza swali ambalo tulikuwa tumelibeba tangu Worcester.

"Anaswali?"

"Anasali kanisani, Antie. Kama sisi. Na kijana pia."

Shira ilikuwa inachemka. Kutoka mlangoni jirani aliita kwamba watu wanangoja. Nilitazama mikono ya Mama Gadija. Ilikuwa imekamata ukingo wa meza.

"Nilidhani mtambadilisha jina," alisema Antie hatimaye. "Mkifika huko kwa watu wa kanisa lenu. Nilijiambia watampa jina jingine, na si kosa lao."

"Pasta alituomba. Alituomba mara mbili. Baba yake akasema huyu anaitwa Gadija, kama kanisa haimtaki na jina yake, tutasali nyumbani."

Bibi alipapasa kitenge, ushonaji wa pindo, uzito wake. Halafu akakitupa begani juu ya shali.

"Wape wazee tarehe," alisema. "Waambie mwenye jina amekubali."

Mama Gadija aliweka kichwa mezani, kati ya nazi na koesister, na akakiacha hapo. Antie hakumbembeleza. Alivuta bakuli, akamwaga maganda kwenye kikombe, akaanza kulijaza mwenyewe, akichagua kwa vidole zilizo nono.

"Arusini siji. Magoti haya hayawezi basi la kulala njiani. Bakuli hili lirudishwe na Gadija. Na alibebe huyo kijana, si yeye, nijue kama ana adabu."

"Ndiyo, Antie."

"Lisije tupu."

"Na ndagala."

"Na ndagala. Watu wa basi wapikie kitu kingine."

Kurudi

Bo-Kaap sikuimaliza. Jumba la makumbusho nililipita limefungwa, makaburi ya wacha Mungu mlimani niliyaona kwa mbali kutoka dirishani, na ule msikiti wa kwanza nimeujua mlango tu. Niliahidi kuleta picha za nyumba za rangi, na ninazo chache, nyingi zina mgongo wa Mama Gadija.

Van Reenen theluji ilikuwa imeyeyuka na malori yanapita kama kawaida. Abiria walizinusa koesister, wakageuka, wakatabasamu. Mama Gadija alilipakata bakuli, mikono yote miwili juu ya kitambaa, akatazama mbele. Karibu na Ladysmith alinipa moja. Abiria wengine hawakupata, na hakuna aliyethubutu kuomba.

Zilizobaki waliwekewa wazee wa upande wa kijana walipokuja Umbilo kupokea jibu. Walikula wakasifu, wakauliza zimetoka wapi, na ndipo walipoambiwa tarehe.

Sasa bakuli liko saluni, kwenye rafu kati ya mafuta ya nywele na picha ile ya nyumba ya manjano. Msiweke vibanio ndani yake, mmeshaambiwa. Wiki jana kijana wa Jacobs alikuja kumchukua Gadija, akaliona, akaligonga kwa kidole, akauliza bati hilo ni la nini. Gadija hakuinua macho kwenye kichwa alichokuwa anakisuka.

"Ile ni yako," alimwambia. "Anza kujifunza kuibeba."